Mbwa Shujaa wa Runingani: Umwekee Mtoto Yupi Kati ya Hawa Wanne?

Shule zikifunga tu, simu huanza. "Dada, hawa wanataka zile za mbwa anayeokoa watu. Niwawekee ipi?" Anayeuliza ni mzazi wa Makorora, Mikanjuni au Chumbageni hapa Tanga, mwenye watoto wa marika mbalimbali mbele ya runinga moja, bando la kupimiwa, na bibi sebuleni ambaye mbwa hamtaki hata kwenye picha. Ukimtajia jina moja ukakata simu hujamsaidia, maana tamthilia za mbwa shujaa hazilingani. Kuna ya shambani, kuna ya kambi ya jeshi, kuna ya mbwa asiye na kwao, na kuna katuni ya mbwa wanaoendesha magari.

Nimechukua nne zinazoulizwa au zinazofaa kuulizwa: Lassie, The Adventures of Rin Tin Tin, The Littlest Hobo na PAW Patrol. Niseme mapema ninavyozitazama. Mimi huanza na mtu atakayekaa kando ya mtoto, ndipo nije kwa mbwa. Tatu kati ya hizi zinamtaka mkubwa awepo. Ya nne inaweza kumtuliza mtoto peke yake wakati wewe uko jikoni, na hapo ndipo penye raha yake na penye shaka yake.

Vipimo

Cha kwanza ni umri na vitisho: wa miaka minne na wa miaka kumi wakikaa busati moja, kinachomchekesha mmoja humkosesha mwenzake usingizi. Cha pili ni lugha, kwa kuwa zote nne zimetengenezwa kwa Kiingereza. Cha tatu ni mbwa mwenyewe, anavyoishi na watu na mtoto atakavyomchukulia mbwa wa kweli akitoka nje. Cha nne ni yale ambayo hayafai kupita bila mkubwa kutia neno. Cha tano ni muda, upatikanaji na gharama. Kipimo cha "ipi nzuri zaidi" sikukiweka. Watoto wangu na wa jirani yangu hawajawahi kukubaliana juu ya hilo, nami sina haja ya kuwaamulia.

Wenyewe ni kina nani

Lassie ndiye mkongwe. Ilianza CBS ya Marekani Septemba 1954 ikaenda hadi 1973, misimu 19, vipande 591. Lassie ni mbwa wa aina ya koli, wale wa kuchunga kondoo wenye manyoya marefu na pua ndefu nyembamba, na asili yake ni hadithi fupi ya Eric Knight ya mwaka 1938. Mwanzoni anaishi shambani na Jeff, mama yake mjane na babu. Mwaka 1957 anaingia Timmy, mtoto yatima, na huyo ndiye watu wengi wanayemkumbuka. Mwaka 1964 walezi wa Timmy wanahamia Australia, karantini inamzuia mbwa kwenda nao, na hatimaye Lassie anaangukia mikononi mwa bwana misitu. Kuanzia hapo tamthilia inatoka nyumbani inaingia porini, kwa hiyo mtu akikuambia "nimeona Lassie", muulize ya miaka ipi. Jambo jingine linalowafurahisha sana watoto wa kike na kuwaudhi kidogo: Lassie ni jike, ila mbwa walioigiza ni madume, kuanzia Pal wa kwanza na kuendelea kwa uzao wake. Dume ni mkubwa zaidi, na manyoya yake hayapukutiki sana kiangazi.

Rin Tin Tin alianza mwaka huohuo wa 1954, kituo cha ABC, akaishia 1959 baada ya vipande 164. Ni German shepherd, wale ambao huku huitwa mbwa wa polisi. Yumo pamoja na Rusty, yatima anayelelewa na askari wa farasi katika ngome iitwayo Fort Apache. Mtoto amepewa cheo cha koplo ili sheria za jeshi zimruhusu kukaa. Jina la mbwa lilikuwapo kabla ya runinga: mbwa wa kwanza aliitwa hivyo na askari wa Kimarekani, Lee Duncan, aliyemwokota Ufaransa mwaka 1918, katika vita ileile iliyopiganwa hapa Tanga Novemba 1914. Mbwa yule akaja kuwa nyota wa filamu bubu.

The Littlest Hobo ni ya Kanada. Ilikuwapo ya kwanza ya miaka ya 1963 hadi 1965, lakini inayojulikana zaidi ni ya rangi ya 1979 hadi 1985, vipande 114, kituo cha CTV. Hapa napo ni German shepherd, aliyeigizwa hasa na mbwa aitwaye London na kufunzwa na Chuck Eisenmann, aliyekuwa mchezaji wa besiboli. Mbwa huyu hana bwana. Kila kipande anafika mji mpya, anakuta watu wapya wana shida, anawatoa, kisha wanamtaka akae nao, naye anashika njia. Kila wanaompokea wanampa jina lao.

PAW Patrol ni katuni, ya Kanada pia, iliyoanza kuonyeshwa chaneli ya watoto ya Nickelodeon Agosti 2013. Mbunifu wake ni Keith Chapman, yuleyule wa katuni ya Bob the Builder. Ryder, mvulana wa miaka 10, anaongoza kundi la mbwa wadogo wanaosema: Chase polisi, Marshall zimamoto, Skye rubani, Rubble mjenzi, Rocky mrejelezaji wa taka, Zuma wa majini. Baadaye wanaongezeka wengine. Meya wa mji wao hutembea na kuku ndani ya mkoba wake, na kwa watoto wa Ngamiani, wanaojua kuku wa kweli hufanya nini ukimtia mkobani, kile ni kichekesho kisichochuja.

Umri na vitisho

PAW Patrol inafaa kuanzia miaka mitatu. Hakuna anayekufa, hakuna damu, na mpinzani mkubwa, meya wa mji wa jirani, ni mchoyo wa kuchekesha kuliko mwovu. Zaidi ya miaka saba wengi huanza kuidharau hadharani, ingawa ukiiwasha hawaondoki.

Lassie ningeianzia miaka sita. Hatari zake ni za ukubwa wa nyumbani: mtoto kanasa mahali, moto umewaka bandani, mtu kapotea, mnyama mkali kakaribia. Utani wa Timmy kutumbukia kisimani umezunguka dunia nzima, lakini katika tamthilia yenyewe hakuwahi kutumbukia kisimani, ingawa alinasa kwingine kwingi. Kinachowaliza watoto ni kutengana. Vipande ambavyo Lassie anapotea au anauguza jeraha vinamgusa mtoto kuliko moto wowote, kwa hiyo mtoto aliyefiwa au aliyetengana na mzazi hivi karibuni mchagulie kwa uangalifu.

Rin Tin Tin na The Littlest Hobo ningeziweka kuanzia miaka minane, kwa sababu tofauti. Ya kwanza ina bunduki karibu kila mahali. Ya pili ina wezi, watekaji na watu wazima wenye matatizo ya watu wazima, na mwisho wake unawasumbua wadogo. "Mbona anaondoka? Analala wapi?" Mtoto wa miaka mitano alilirudia swali hilo kwangu mpaka tukafika kitandani. Wakubwa, hasa wavulana wa miaka 11 au 12, wanaupenda mwisho huohuo.

Lugha

Kwa mtoto asiyejua Kiingereza, Lassie ndiyo nyepesi kuliko zote tatu za zamani. Kazi ya mbwa asiyesema ni kuonyesha, na kamera inamfuata. Mbwa anabweka, anakimbia hatua chache, anageuka, anarudi, anabweka tena. Mtu mzima wa kwenye tamthilia anasimama kuuliza kuna nini. Watoto busatini wameshajua zamani, wanapiga kelele "Bandani! Bandani!" na wanamkasirikia mtu yule kwa uzito wake wa kuelewa. Hapo hakuna tafsiri inayohitajika. Ukitaka kumfundisha mtoto maneno machache ya Kiingereza, sentensi za Lassie ni fupi, zinasemwa polepole, na zinahusu vitu vinavyoonekana: mlango, ndoo, maziwa, njoo, kaa.

PAW Patrol ina maneno mengi na kasi, lakini kila kisa kinapita njia ileile: simu inaingia, mbwa wanakusanyika, Ryder anachagua wawili au watatu, wanatoka, wanaokoa, wanapewa zawadi. Mtoto akiona visa vitatu ameshaijua njia, na maneno yanaanza kumnata yenyewe. Nimesikia watoto wasiojua kuomba maji kwa Kiingereza wakitaja rangi na magari yote ya kundi lile bila kukosea.

Rin Tin Tin iko katikati. Vitendo vinaeleweka, mazungumzo ya askari hayaeleweki, na mtoto huyaruka tu akisubiri farasi.

The Littlest Hobo ndiyo nzito. Kila kipande kina watu wapya na habari zao: deni, ugomvi wa ndoa, mzee anayenyang'anywa nyumba. Bila mtu wa kutafsiri, mtoto anaona mbwa anapita kati ya watu wanaobishana. Ila watoto wetu wamekua wakisikiliza filamu zilizotiwa sauti za watafsiri, yule jamaa anayesimulia juu ya picha na kuongeza chumvi yake. Mpe kaka mkubwa kazi hiyo. Atajiona mtu, na wadogo watapata tamthilia mbili kwa bei ya moja.

Mbwa wa kwenye kioo na mbwa wa mtaani

Hapa ndipo ningekuomba usome taratibu, kwa sababu mapitio mengi ya tamthilia hizi yameandikwa na watu ambao mbwa wao analala miguuni mwa kitanda. Kwetu pwani sivyo.

Nyumbani kwetu bibi alikuwa akitandika msala wake karibu na runinga, tayari kwa Magharibi. Siku Lassie alipotoka mtoni akajikung'uta maji, bibi aliuvuta msala nyuma, taratibu, bila neno. Watoto wakaanguka kwa kicheko. "Chekeni tu," akasema. "Nani atauosha mara saba?"

Picha haina najisi, na bibi anajua. Lakini swali lake ni la kweli katika nyumba inayofuata Shafii, kama zilivyo nyingi za Waislamu wa pwani: mate ya mbwa ni najisi nzito, huoshwa mara saba na moja kati ya hizo kwa udongo. Mtoto aliyezoea kuona Timmy akilambwa uso atauliza mbona yeye hapana. Jibu lipo na halihitaji kumchukiza na mnyama. Kufuga mbwa wa ulinzi, wa mifugo au wa kuwinda kunaruhusiwa. Katika Sura ya Al-Kahf vijana wa pangoni wana mbwa aliyenyoosha miguu yake mlangoni. Na wapo watoto wengi waliokwisha kusikia kwenye chuo cha Kurani kisa cha aliyesamehewa kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Kumhurumia mbwa na kulambwa naye ni mambo mawili, na mtoto wa miaka sita anaweza kuyabeba yote mawili. Nyumba za Kikristo zinazofuga mbwa uani hazina mjadala huu, ila suala la pili linawahusu pia.

Suala la pili ni kichaa cha mbwa. Takribani visa vyote vya ugonjwa huu kwa binadamu hutokana na mbwa, na kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, kati ya watu wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa nao, asilimia 40 ni watoto walio chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Sasa fikiria mtoto aliyetoka kuona mbwa mgeni akifika mjini, akipokewa na kukumbatiwa na watoto asiowajua, akawa mwema. Hiyo ni The Littlest Hobo kipande baada ya kipande. Kwa mtazamo wa bibi, ndiye mbwa mwenye adabu kuliko wote wanne: haingii kitandani mwa mtu na hajipi kwa yeyote. Kwa mtazamo wangu, ndiye anayehitaji onyo kubwa zaidi, kwa sababu mbwa asiye na mwenyewe ndiye tunayekutana naye sokoni na pale Deep Sea kwenye samaki.

Lassie ana wenyewe, na watoto wanaomgusa wanamjua. Hilo unaweza kulionyesha kwa kidole. Rin Tin Tin ni mbwa wa kazi, anatii amri, na ukali wake unaonekana wazi kwa adui, kwa hiyo mtoto haondoki akidhani kila mbwa ni mto wa kulalia. PAW Patrol haina tatizo kubwa hapa. Mbwa anayesema na kuendesha helikopta hafanani na yeyote wa mtaani, ingawa wa miaka mitatu bado anaweza kumwendea mbwa koko akimwita Chase.

Yoyote utakayochagua, tia maneno haya siku ya kwanza. Mbwa usiyemjua hashikwi. Akija, usikimbie, simama wima, mikono ubavuni, usimkazie macho. Akikuuma au kukukwaruza, sema nyumbani hapohapo hata kama ulikuwa mtundu. Na mzazi: osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo. Usisubiri kuona mbwa atakuwaje.

Yanayotaka neno la mkubwa

Rin Tin Tin ndiyo inayotaka maneno mengi. Askari wa Fort Apache ndio wema, na wenyeji wa Amerika mara nyingi ndio hatari inayotoka vichakani. Hata uyatima wa Rusty umetokana na shambulio lao. Vipo vipande vinavyowaonyesha kwa heshima, lakini kamera iko ndani ya ngome daima. Mtoto wa Tanga ana njia ya mkato ya kulielewa hili. Analijua boma la Mjerumani. Mwambie ngome ile ni boma, walioko nje ndio wenye nchi, halafu muulize angekuwa upande gani. Mazungumzo niliyowahi kuyasikia baada ya swali hilo yalikuwa bora kuliko kipande chenyewe. Bila mtu wa kuliuliza, mimi nisingeiwasha.

Lassie ni dunia ya wazungu wa mashambani wa miaka ya hamsini: mama yuko jikoni na aproni, baba anaamua. Mabinti wa miaka kumi huliona bila kuambiwa. Cha kusemea zaidi ni kwamba Timmy hutoroka nyumbani bila kuaga, na karibu kila mara mbwa humfidia kosa lile. Watoto wetu hawana Lassie wa kuwafuata Raskazone.

Katika The Littlest Hobo, mbali na hilo la mbwa mgeni, watoto huwaamini watu wazima wageni kwa wepesi. Taja hilo, inatosha.

PAW Patrol ina jambo la duka. Wenye katuni ni Spin Master, kampuni ya vitu vya kuchezea watoto ya Toronto, na kila mbwa ana gari lake, mkoba wake na sare yake, vyote vikiuzwa madukani kama vitu vya kuchezea. Mtoto hajui kwamba anaonyeshwa katalogi, wewe jua. Vilevile, katika kundi la sita wa mwanzo, wa kike ni Skye peke yake, mpaka alipokuja mwenzake Everest. Na matatizo yote huisha haraka kwa kifaa sahihi. Hilo si kosa kwa wa miaka minne, lakini Lassie, ambaye kifaa chake ni miguu minne na kubweka, humfundisha mtoto kutazama na kubahatisha.

Muda, kupatikana na gharama

PAW Patrol kwa kawaida ni visa viwili vya dakika 11 katika kipande kimoja, kwa hiyo kimoja kinatosha kati ya kurudi chuoni na adhana. Zilizobaki huchukua takriban nusu saa. Kwa walio kati ya miaka miwili na minne, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 wasizidi saa moja ya kioo kwa siku, na chini ya hapo ni bora zaidi. Wa chini ya miaka miwili hawana haja na mbwa yeyote kati ya hawa.

PAW Patrol ni ya familia ya Nickelodeon, basi king'amuzi chako kikiwa na chaneli zake za watoto utaikuta humo. Kabla ya kulipia kifurushi, hakikisha chaneli imo kwenye hicho unacholipia, isiwe kwenye cha juu yake. Mtandaoni kuwa macho: wapo watu wanaotengeneza video zao kwa sura za mbwa walewale, nyingine zina vitisho na upuuzi ambao mwenye katuni hakuuweka. Usimwachie mtoto simu ijichagulie video inayofuata. Pakua mwenyewe, hamishia kwenye flashi, chomeka kwenye runinga, simu irudi mfukoni.

Tatu za zamani hazingojewi kwenye ratiba. Ni za kutafuta mtandaoni au kwenye DVD. Rin Tin Tin yote ni nyeusi na nyeupe, na Lassie iko hivyo hadi 1965 ilipoanza kuwa ya rangi. Watoto wengine hulalamika dakika tano za kwanza kisha wanasahau, wengine hawasahau. Jaribu kipande kimoja kabla ya kupakua vingi. Habari njema kwa bando ni kwamba vipande vingi vya zote nne vinajitegemea. Huhitaji kufuata mfululizo, na Lassie yenye vipande 591 hakuna anayekudai umalize. Vya Timmy na familia yake vinatosha likizo nzima na kubaki.

Ipi kwa nani

Una wa miaka mitatu hadi mitano na unahitaji dakika kumi na moja za kukaanga samaki: PAW Patrol, kisa kimoja, ukazima. Una wa miaka sita hadi tisa na mnaweza kukaa pamoja: Lassie ya miaka ya Timmy. Hapo hata bibi huwa anasogea, hadai anatazama, lakini ndiye anayeuliza kesho kama mtoto alipatikana.

Mtoto wa miaka kumi na kuendelea anayependa farasi, vita na historia, na yupo baba, mjomba au mwalimu wa kukaa naye: Rin Tin Tin, kwa kipimo, na lile swali la boma. Kama huyo mkubwa hayupo, ruka.

Mkubwa wa miaka 11 au 12 aliyechoka kuitwa mtoto na anayekijua Kiingereza cha kutosha kutafsiria wenzake: The Littlest Hobo. Usiiweke kwa mtoto aliyezoea kuwafuata mbwa wa barabarani mpaka kwanza akujibu, kwa maneno yake, mbwa asiyejulikana anafanywa nini.

Marika yote yako busati moja na runinga ni moja: anza na kisa kifupi cha PAW Patrol, wadogo waende kuoga, kisha Lassie kwa waliobaki. Kugeuza mpangilio nimeona kunaleta vilio.

Mtoto anayeogopa mbwa kwa sababu aliwahi kuumwa: anza na katuni, subiri, kisha Lassie ukiwa kando yake na kitufe cha kusimamisha mkononi mwake. Usimlazimishe Rin Tin Tin. Meno ya mbwa yule yanaonekana.

Nyumba isiyotaka mbwa kabisa, hata wa kuchorwa: usigombane na wakwe kwa ajili ya katuni. Wasimulie watoto habari za Magawa, panya buku aliyefunzwa hapa Tanzania na shirika la APOPO lenye makao Morogoro, akapelekwa Kambodia kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini, na mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu na PDSA, shirika la kutibu wanyama la Uingereza, kwa ushujaa. Picha zake akiwa amevaa nishani shingoni zipo, na sijaona mtoto aliyezitazama mara moja tu.

Na umeme ukikatika katikati ya kipande, Tanga tuna mbwa wetu wa kusimuliwa: yule wa mapango ya Amboni, ambaye waongozaji husema aliingia humo na bwana wake Mzungu, bwana asionekane tena, na mbwa akaibukia mbali kule upande wa Kilimanjaro. Hekaya, bila shaka. Wenye miaka kumi watakubishia kwa ramani, wenye miaka mitano watataka kujua alikula nini njiani, na mpaka muafikiane umeme utakuwa umerudi.